Panya Wangu Wamegoma Kuumwa

Jumatatu, 30 Juni

Vumbi! Nimefuta meza ya maabara asubuhi, saa nne unaweza kuandika jina lako juu yake kwa kidole. Karatu ya miezi hii ndivyo ilivyo. Na msimu wa mzio wa macho ndio huu. Nimepita kliniki mbele, benchi zima ni watoto wenye kofia wanaangalia miguu yao. Kila mmoja anajikuna kwa mgongo wa mkono. Nikamwona Dorkasi mdogo wangu katika kila mmoja wao.

Haya. Leo ndiyo leo — tumeanza kudondosha.

Mwezi mzima tumewachoma panya wetu weupe sindano za chavua ya majani ya kijijini kwetu Daa, ili mwili wao ujifunze kuichukia. (Chavua yenyewe tulikung'uta na Mama juu ya shuka jeupe. Aliniuliza mara mbili kama nimerogwa.) Kuanzia leo tunaidondosha machoni mwao kila asubuhi. Wakivimba kope, wakitoa ule uteute wa kuvutika kama wa watoto wetu, basi tuna panya wenye ugonjwa wenyewe, na tunaweza kuwajaribia matone mapya. Wasipovimba hatuna kitu. Bosi wangu, Dkt. Julius, kasema wazi: mwisho wa Agosti. Baada ya hapo utafiti unahamia mkoa mwingine na chumba changu kinarudi kuwa stoo ya miwani.

Tobiko, anayewatunza panya, kawaamkia kama ng'ombe wa boma la baba yake kule Malambo. Nilimcheka. Halafu nikawaamkia na mimi.

Nimesahau — Martini mlinzi siku hizi anakunywa maziwa kila jioni. Anasema ni ya kifua. Mtu na afya yake!

Jumatano, 2 Julai

Hakuna kitu. Panya weupe wana macho mekundu tangu kuzaliwa, kwa hiyo wekundu haunisaidii, natazama kope. Kope safi. Nzuri kama za bibi harusi.

Jumamosi, 5 Julai

Nimelala nyumbani Daa. Sijui nicheke au nijifiche.

Nafika tu, nje kuna watu wanane hivi, wamekaa juu ya magunia wananingoja. Nikadhani kuna msiba! Kumbe wanataka sumu ya panya. Mama amewatangazia kuanzia kanisani hadi mashineni kwamba mimi ndiye mkuu wa kuangamiza panya Karatu nzima. Mzee mmoja ananishika mkono: mahindi yake ya mwaka jana yaliliwa hadi magunzi, Mungu anibariki kwa kazi hii.

Nikamvuta Mama jikoni. Mama, nilikwambia nawafuga. Akakoroga ugali. Akasema alinisikia vizuri, ila hayo si mambo ya kusema mbele za watu. Mtoto asomeshwe hadi chuo kikuu, arudi afuge panya?

Niliwagawia watu ushauri wa kuinua ghala na kuziba matundu. Wakaondoka wamenuna. Mkuu gani hana hata pakiti moja ya sumu!

Dorkasi alikuwa ndani, dirisha limefunikwa kanga. Kope za juu nzito, ngozi imekuwa nyeusi pembeni kwa kukunwa. Nje wenzake wanacheza rede, anausikia mpira tu. Ana miaka kumi, na kabla ya macho haya hakuna msichana wa Daa aliyeweza kumpiga kwa mpira. Swali lake la kwanza, hata kabla ya shikamoo:

"Dada, wameshaanza kuwashwa?"

Bado, nikamwambia. Akatikisa kichwa kama mwalimu mkuu. "Waambie mimi nilianza na la kulia."

Jumatatu, 7 Julai

Sabasaba. Nchi imepumzika, panya hawajui sikukuu. Tobiko kaja na redio. Tumedondosha tukisikiliza hotuba. Kope safi.

Kwa nini? Chavua ni nzuri, niliipima mwenyewe. Sindano zilikwenda sawa. Damu yao inaonyesha wanaichukia chavua kweli. Mwili unachukia, jicho linatulia! Sijawahi kuona ukaidi wa namna hii. Nimewasema kwa sauti. Tobiko akageuza uso asicheke.

Alhamisi, 10 Julai

Dkt. Julius alikuja. Hakugomba — angegomba ningefurahi. Alisimama mbele ya vizimba, mikono mfukoni, akasema labda tukubali kwamba chavua ya Daa haina nguvu ya kutosha. Haina nguvu! Aje alale na Dorkasi siku moja.

Alipoondoka nilikaa nikalia kidogo. Basi. Nikanawa.

Jambo moja. Tulipokuwa tunabadilisha maranda Tobiko alisema hawapendi hawa panya. Hawajengi viota. Tunawawekea karatasi za kuchambua, hawazigusi. Wanalala wamerundikana kona ya mbali na dirisha. Alisema, "Wamelala kama kondoo waliosikia fisi." Nikamjibu Karatu mjini fisi wa wapi. Lakini chakula nacho kinabaki. Na mavi yao ni laini. Kuna kitu kinawatisha. Nini? Jenereta? Redio ya Tobiko?

Ijumaa, 11 Julai

NYAYO!

Andika polepole, Selestina.

Asubuhi niliwahi kufika. Jua lilikuwa linaingia kwa ubavu kwenye dirisha la chumba cha panya, lile lenye nyavu, na vumbi la jana limetanda kwenye kizingiti chote. Juu ya vumbi — nyayo ndogo za mviringo, zinakwenda, zinarudi. Katikati pamefutika, pamekuwa laini kabisa, mahali pa mtu aliyezoea kukaa. Na unywele mmoja wa rangi ya kahawa umenasa kwenye wavu.

Nikatoka nje mbio. Nyuma ya tanki la maji, kwenye koti la Martini, kalala paka. Mnene! Ana kovu puani na heshima zote. Pembeni bakuli la maziwa. Ya kifua!

Martini akaja anavaa kofia. Sikuwa na haja ya kuuliza. "Dada, ni zawadi. Mama yako alinikataza nisikwambie." Martini naye ni wa Daa. Mama alimpa paka tangu katikati ya mwezi wa sita, ndani ya kapu, pamoja na maagizo: amkalishe kwenye dirisha la panya kila jioni, awasimamie, hata kama hafiki kuwala. Mwanangu anahangaika na panya na hasemi, Mama alimwambia. Ana aibu ya kuomba.

Nilikaa chini. Nilicheka hadi mbavu zikauma, Martini akadhani nimechanganyikiwa.

Maana nimeelewa yote! Kiumbe akiogopa siku baada ya siku mwili wake unamwaga homoni ya hofu, na homoni hiyo inazima mzio. Ni ndugu wa damu wa steroidi tunayowadondoshea watoto. Yule bwana kwenye kizingiti amekuwa akiwatibu panya wangu kila jioni, kwa kuwatazama tu!

Kovu lile nalijua, jina lake ni Bwana Shamba. Halafu nikakumbuka kitu kikaniondoa kicheko. Bwana Shamba si paka wa Mama. Ni wa Mzee Isaya, jirani. Ni wa kuazima.

Jumamosi, 12 Julai

Lazima niandike jinsi ya kurudisha paka wa kuazima, maana hata mimi nilikuwa nimesahau.

Kitongojini kwetu wakati wa mavuno paka mzuri anazunguka nyumba hadi nyumba. Unamwazima, unakaa naye mpaka ghala litulie, unamrudisha na kitu ndani ya kapu — mahindi, maharage, chochote cha shambani kwako. Ukimrudisha kabla mavuno hayajaisha umemtukana mwenye paka. Umesema mnyama wake mvivu. Mama na mke wa mjomba hawakusalimiana mwaka mzima kwa ajili ya paka aliyerudishwa siku ya tatu.

Na mimi nimembeba Bwana Shamba kwenye kapu, nyuma ya bodaboda, mavuno hata hayajafika nusu! Njia nzima analia kama anakwenda kuchinjwa. Watu wa Daa wote wamemsikia. Kwisha.

Mama alikuwa anapiga maharage uani. Kuona kapu akashusha fimbo.

"Selestina. Umemrudisha?"

"Mama, kafanya kazi kupita kiasi."

Nikamweleza pale pale juu ya makapi ya maharage. Kila kitu. Kwamba wale panya siwaui, na si kweli kwamba ninao kwa bahati mbaya. Nawalisha, nawatandikia. Nataka ugonjwa wa Dorkasi waupate wao, dawa mpya iwakute wao kwanza, tujue inaponya nini na inaharibu nini kabla mtu hajaweka tone kwenye jicho la mtoto. Yale matone anayotumia Dorkasi sasa yakizidi yanapandisha presha ya jicho. Mama mwenyewe alisikia daktari akisema, alikuwepo. Na paka amewatia hofu, hawaugui, na wasipougua hadi mwisho wa Agosti basi.

Akaokota haragwe moja, akalitupa kwenye ungo.

"Unawalisha nini?"

Chakula chao maalumu, nikasema. Kinatoka mbali.

"Kwa hiyo wanakula kutushinda sisi."

Halafu akauliza, na hapa hakuwa ananitania: "Na wao wataumia?"

Wataumia, Mama. Tunawapa dawa ya kupunguza maumivu, na hatuwaachi waumie bure. Lakini wataumia. Akaitikia kwa kichwa. Akafunga upya kanga yake, akachota maharage, akachota tena, akajaza kapu mpaka Bwana Shamba akakosa pa kukaa. Twende, akasema. Akatangulia yeye.

Kwa Mzee Isaya nilipiga shikamoo ya hadi chini. Mama ndiye aliyesema. Alisema paka huyu ni mkali hata panya wa serikali wameacha kula! Wamegoma hata kuumwa! Wakubwa wa Karatu wamesema apumzishwe asije akawamaliza. Mzee Isaya alimpokea paka kwa mikono miwili kama mtoto aliyetoka masomoni. Jioni hii kijiji kizima kinaizungumza habari hiyo.

Sikumsahihisha hata neno moja. Nampenda sana mama yangu.

Jumatano, 16 Julai

Tumepiga deki, tumeosha kizingiti kwa siki, Martini kaziba dirisha kwa mbao na kuacha upenyo wa hewa juu. Anaomba radhi kila anaponiona. Nimemwambia inatosha!

Tobiko kaniita kwa kidole. Kizimba cha kwanza: karatasi zimechambuliwa, kiota cha mviringo, panya ndani wamelala chali chali. Chakula kimekwisha.

Dkt. Julius nilipompa habari ya Bwana Shamba alivua miwani, akacheka mpaka akaegemea mlango. Kasema tungoje watulie kabisa ndipo tudondoshe upya. Lakini tarehe ya mwisho ni ile ile, hana uwezo nayo.

Jumatatu, 28 Julai

Tumeanza tena. Tobiko alisema ombi fupi kwa Kimaa, lugha ya kwao Wamasai. Sikuuliza maana.

Alhamisi, 31 Julai

WAMEVIMBA!!!

Kizimba cha tatu, panya wa kwanza kumshika, kope ya kulia imejaa kama mkate. Nikamshika wa pili. Wa tatu. Uteute ule ule wa kuvutika! Wanajikuna kwa miguu ya mbele, haraka haraka. Na wale tuliowadondoshea maji matupu — macho meupe peee, yaani mekundu yao ya kawaida, wamekaa wanatushangaa.

Nilipiga kigelegele ndani ya maabara. Mimi! Tobiko akaruka juu, wima, mabega yamenyooka, kama yuko kwenye sherehe ya rika lake, na koti jeupe likaruka naye. Dkt. Julius alikuja mbio akidhani pamewaka moto.

Tukawapa dawa ya maumivu kabla ya kitu kingine.

Sasa nimekaa chumbani na chai, na nafsi imenibana kidogo. Nimefurahi kwamba viumbe vimeumwa. Nimefurahi kweli, siwezi kujidanganya. Na ninawaonea huruma kweli. Yote mawili yamekaa ndani yangu na hakuna linalompisha mwenzake.

Jumapili, 3 Agosti

Mama kamleta Dorkasi kliniki. Upepo wa juzi. Hawezi kufungua jicho la kulia kabisa, machozi yanatiririka hadi shingoni. Daktari kaweka ile rangi ya kijani, kammulika: kidonda katikati ya kioo cha jicho. Kikiacha kovu pale hataona vizuri tena kwa jicho hilo. Kaongeza yale matone ya nguvu, na papo hapo kasema presha imeanza kupanda, hawezi kumpa muda mrefu. Mbele moto, nyuma moto.

Nilimshika miguu wakati wanamsafisha. Hakulia kwa sauti. Aliuliza tu, "Dada, wao nao wana kidonda?"

Wawili wanacho. Nilipima jana. Nikamwambia.

"Poleni," akasema. Alimaanisha wao.

Wanakaa kwangu mpaka apate nafuu.

Jumanne, 5 Agosti

Matone mapya yameanza. Nusu ya vizimba wanapata dawa, nusu wanapata matone yasiyo na dawa, na chupa zote zinafanana. Sijui kipi ni kipi, Tobiko hajui, Dkt. Julius hajui. Anayejua yuko Arusha, dada wa takwimu, na hatasema mpaka sisi tumalize kutazama. Ni haki hivyo. Mtu akijua anaona anachotaka kuona.

Dkt. Julius leo kanikumbusha kwa upole: hata panya wakipona kesho, Dorkasi hapati dawa keshokutwa. Kuna njia ndefu, watu wazima kwanza, vibali. Najua. Lakini njia ndefu unaweza kuitembea. Isiyokuwepo hutembei.

Ijumaa, 8 Agosti

Nanenane. Mama alitaka kuona maonyesho ya kilimo. Nikamwambia nitakuonyesha mifugo yangu.

Alikuja amevaa gauni la kanisani! Tobiko akamsalimia kwa Kimaa, "Takwenya," Mama akajibu "Iko" sawasawa kabisa kisha akatuangalia wote kuhakikisha tumesikia. Tukawavalisha barakoa. Dorkasi alisimama nje ya kioo cha mlango, kofia imeshushwa, kabandika jicho la kushoto kwenye kioo.

Panya wa kizimba cha pili alikuwa anajikuna. Mguu wa mbele juu ya kope, anasugua, anatulia, anasugua tena.

"Dada! Anajikuna kama mimi! Mgongo wa mkono!"

Akacheka. Sijamsikia akicheka hivyo tangu Pasaka. Akamwonyesha panya jinsi ya kutulia, kaweka mikono nyuma akaifunga. "Fanya hivi. Hesabu mpaka ishirini. Itapita." Somo zima, kupitia kioo. Tobiko alijifanya anatafuta kitu kabatini.

Na Mama? Mwanamke aliyeua panya kwa fagio, kwa mwiko, kwa kandambili! Alisimama mkoba kifuani, anatazama. Kutoka akauliza kama wanasikia baridi.

Jumatano, 13 Agosti

Naandika hapa hapa maabara, nimekaa juu ya ndoo ya maranda, siwezi kungoja jioni.

Kidonda cha Dorkasi kimeanza kufunga. Afadhali! Lakini presha imepanda tena, na daktari leo kasimamisha yale matone ya nguvu. Tangu sasa ni barafu, kofia na kuomba upepo usije.

Tumemaliza kutazama. Kila panya, kila kope, mimi na Tobiko na Dkt. Julius, kila mtu peke yake bila kunong'onezana. Vizimba vingine bado vimevimba. Lakini cha nne! Asubuhi niliinua kifuniko, wote wamesimama kwa miguu ya nyuma wakiangalia dirishani, kwenye ule mwanga wa upenyo wa juu. Macho wazi. Kope kavu. Isipokuwa mmoja, yule mwenye kidonda, jicho lake bado limegandamana.

Je, cha nne ndicho cha dawa? Au ni mwili umechoka wenyewe, inatokea! Sijui. Nikijipa jibu nitakuwa mwongo.

Dkt. Julius yuko uani anampigia dada wa takwimu. Mtandao unakatika. Namwona kwa mlango, anazunguka tanki la maji, mkono mmoja sikioni, anapaza sauti: "Cha nne! Nasema cha nne! Hallo?" Martini kamshauri apande juu ya tofali. Kapanda.

Dorkasi yuko nje ya kioo. Kavua kofia — hakuna aliyemwambia. Jicho la kulia dogo, jekundu, lakini lipo wazi, linaangalia ndani. Mikono kaifunga nyuma. Midomo inahesabu.

Na Mama. Mama kainama juu ya kizimba cha nne, barakoa imeshuka kidevuni, uso karibu unagusa nyavu. Anaongea na yule panya aliyebaki, kwa Kiiraqw chetu cha nyumbani, kwa sauti ile ya asubuhi anapokaa kitandani kwa Dorkasi na kitambaa cha maji ya vuguvugu.

"Fumbua, mwanangu. Fumbua kidogo tu."

Dkt. Julius karuka kutoka juu ya tofali. Anakuja mbio, simu mkononi, na mimi namwangalia panya. Kope imecheza. Jibu la Arusha lingoje kidogo.